Mpishi wa Natta Apewa Jembe

Wiki iliyopita nilikuwa ofisi ya wilaya, Mugumu, nikisubiri barua yangu, huku karani akiandikisha watu wasio na kazi. Zamu ikamfikia mzee mmoja wa Natta. Alikuwa mpishi wa kambi ya watalii kwa miaka mingi, hadi mpaka wa Kenya ulipofungwa na wageni wakaacha kuja.

"Shikamoo, mzee. Unajua kazi gani?"

"Marahaba. Kupika, mwanangu. Supu, mikate, keki."

"Unga wenyewe hatuuoni siku hizi. Kulima pamba je?"

 Vidole vya mzee vilikanda ukingo wa meza taratibu, kana kwamba kuna donge la unga pale.

Karani akapekua daftari. "Serikali inatafuta watu wa kufukia mashimo barabarani. Ile ya kwenda mbugani."

Vidole vikatulia. "Inapita kambini kwetu?"

"Inapita getini kabisa. Lakini mzee, pale si pamefungwa?"

"Najua. Niandike. Ila naomba nianzie upande ule."

"Kwa nini upande ule?"

"Wageni wakirudi, wasije wakakwama matopeni chakula kikapoa."

Karani akaandika bila kuinua macho. Mzee akapokea jembe kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka.

Kwenye daftari la wilaya, tatizo la mzee yule limekwisha. Mimi niliyemwona uso nasema amepata tu mahali pazuri pa kuingojea kazi yake.