Vidole Vitatu vya Unga

Kaka yangu ameoka mikate zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna mtu anayedhani hiyo ni kazi ya kukaa karibu na joto tu, aje nimwonyeshe mikono yake. Malaika wa mikononi hawaoti tena, waliungua mpaka wakakata tamaa. Kidole cha shahada hakikunjiki sawasawa. Kule kiwanda cha mikate wenzake wanamwita Tanuri, na kusema kweli jina limemkaa, maana ni mtu mkimya anayeungua ndani kwa ndani. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Nyumba yangu na yake zinachangia ukuta mmoja na bomba moja la maji, kwa hiyo haya ninayosema sikuhadithiwa na mtu.

Ana mtoto mmoja tu, wa kike. Mama yake, wifi yangu, alifariki mtoto akiwa na miaka minane, na kuanzia hapo tukamlea wawili: kaka analeta chakula, mimi nahakikisha kinaingia tumboni. Chakula chenyewe kilikuwa mkate. Kila alfajiri kaka alirudi na mikate iliyopasuka au iliyolala upande, ile isiyouzika, basi kwetu ikawa mkate asubuhi, mkate wa kwenda nao shule, na jioni mkate wa kuchovya kwenye mchuzi. Nani angelalamika? Mtaa ule ule kulikuwa na nyumba zinazolala kwa kunywa maji tu.

Yule mtoto alilalamika. Tumbo linauma, tumbo limejaa, nataka kutapika. Alikuwa mwembamba mpaka mimi mwenyewe nikampa jina la Kijiti, kwa utani, na jina likamganda. Nilimpeleka zahanati wakampa dawa ya minyoo. Nikampeleka tena, dawa ya minyoo. Mara ya tatu sikumpeleka. Nilisema anadeka kwa kuwa hana mama, na watu wazima wenzangu wakaniunga mkono, kwani si wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye? Basi nikawa nakaa mbele yake, mimi na kiboko cha macho, mpaka amalize kipande cha mwisho. Saa hizo kaka alikuwa anatoka nje kujifanya anakagua bomba. Hakunizuia hata siku moja.

Kijiti alipofika miaka ishirini na minne, tayari ameajiriwa kupima watu macho kwenye duka la miwani, alianguka kazini. Safari hiyo alipata daktari aliyekuwa na muda naye. Akapimwa damu, akaingizwa mrija tumboni, jibu likatoka: utumbo wake haupatani na ngano. Si kwamba haiupendezi, la, ikiugusa tu unachubuka. Hata chembe, daktari alisema, hata ile iliyobaki kwenye mwiko. Maziwa nayo yalikuwa yanamsumbua akayaacha, kisha nyama, mayai na siagi akaviacha kwa hiari yake, akasema hataki tena kula chochote kilichotoka kwa mnyama. Hilo la mwisho lilinishinda kulielewa, lakini tumbo ni lake.

Tangu mwaka huo hakula tena nyumbani kwa baba yake. Hakugomba na mtu. Alikuja mara moja kwa mwezi, akakaa kwenye kochi lililo karibu na mlango, akazungumza vizuri kabisa, na maji akanywa ya chupa yake mwenyewe. Ukimkaribisha chakula anasema, nimeshiba, Baba. Miaka tisa! Nani anashiba miaka tisa? Kaka humsindikiza mpaka kona, akirudi anaiondoa mezani sahani aliyomwandalia, safi kama ilivyowekwa. Alikuwa anaumia, nami nilikuwa namwona anavyoumia, na nilikuwa nampa pole huku moyoni nikimlaumu Kijiti kwa kuweka kinyongo.

Mwezi mmoja kaka akajikaza. Akamuuliza mwanawe, ameinama kama anaomba kazi, kwamba akimpikia kitu anachoweza kula, atakula? Kijiti akafunga kizibo cha chupa yake.

"Nitaona, Baba," akasema.

Ile "nitaona" kaka aliibeba mwezi mzima kama mtu aliyebeba yai. Akaulizia kwa wapishi, akachagua: matunda yaliyokatwakatwa, yanapangwa kwenye trei, juu yake unamwaga chenga za unga uliofikichwa kwa mafuta na sukari, unaoka mpaka chenga zikauke na matunda yatoe maji yake. Kwa mwoka mikate hicho ni kitu cha kuchezea. Hakuna chachu, hakuna kukanda, hakuna kusubiri kiumuke. Kazi yote ilikuwa kwenye kusafisha.

Na alisafisha, jamani. Ngano yote, biskuti, tambi, kila kitu kilihamia kwangu mpaka chumba changu kikawa ghala. Nyufa za rafu alizikwangua kwa sindano niliyomwazima. Alipanda kiti akafuta dari juu ya jiko. Mwiko wa zamani aliuchoma, ubao wa kusukumia akaugawa, akanunua trei mpya, bakuli jipya, kisu kipya, hata sifongo ya kuoshea. Nguo na viatu vya kazini akawa anaviacha huko huko, anarudi na kandambili. Unga aliutaka wa mchele, lakini mashine ya kusaga hakuiamini, maana inasaga na ngano. Akanunua kinu, akaosha mchele, akauanika, akautwanga mwenyewe uani, mwanaume mzima na mvi zake, majirani wanamcheka na yeye anahesabu mapigo ya mchi. Karanga pia akazitwanga. Badala ya siagi, mafuta ya nazi.

Mimi aliniambia jambo moja tu: nisiingie na ngano humo ndani mpaka mtoto aondoke. Nikamjibu kwani mimi mtoto mdogo, nimesikia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili na Kijiti alitarajiwa saa nne. Mimi nilikuwa na sare za shule za watu, dazeni tatu, na karatasi zangu za kukatia vipimo zilikuwa zimechanika. Sisi mafundi karatasi hizo tunazigandisha kwa gundi ya kupika: unga, maji, unakoroga motoni mpaka ivute. Gesi yangu ikawa imekata. Nikabeba bakuli langu la unga mkavu, nikaingia jikoni kwa kaka kuomba moto. Naapa haikunijia akilini kabisa. Miaka yote niliyoshona, ule kwangu haukuwa ngano, ulikuwa gundi. Nikaliweka bakuli kando ya jiko nikaanza kutafuta sufuria ya kuazima.

Kaka alikuwa amenipa mgongo, anamenya nanasi. Maembe yalikuwa tayari yamekatwa. Na alikuwa anaongea! Tanuri, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima unaweza kuyafunga kwenye leso, alikuwa ananisimulia jinsi Kijiti alipokuwa na miaka mitatu alivyomfuata kazini akalala juu ya magunia, na jinsi wenzake walivyofanya kazi kwa minong'ono ili wasimwamshe. Anaongea, anacheka, na mikono inaendelea. Akaipaka trei mafuta ya nazi. Halafu mkono wa kulia ukanyoosha safari yake bila kumwuliza, vidole vitatu vikazama kwenye bakuli langu, vikanyunyiza, trei ikazungushwa, ikapigwa kofi mara mbili kwenye ukingo wa sinki unga uliozidi udondoke. Mkono ule umefanya hivyo mara mia kila usiku tangu ujana wake. Yeye alikuwa bado yuko kwenye magunia na mtoto aliyelala. Akamwaga matunda, akafunika kwa chenga, akasukuma ndani ya jiko.

Mimi nilimwona. Nasema wazi, nilimwona, na mdomo nilishaufungua. Kisha nikapiga hesabu zangu. Unga wa mchele umekwisha, matunda yamekwisha, saa tatu na nusu imeshagonga, na ule uso wake, uso ambao sikuwa nimeuona tangu wifi yangu alipokuwa hai. Nikajiambia ni vumbi tu lile, tena ameligonga limetoka. Kidogo namna ile kitamfanya nini? Madaktari nao wanatia chumvi. Nikaufunga mdomo, nikaliacha bakuli pale pale, nikatoka kama mtu aliyeitwa.

Kijiti alipofika harufu ilikuwa imejaa mpaka uani, ya maembe na sukari inayoanza kuungua pembeni. Nikarudi, kwa sababu nilitaka kumwona akila. Hakukaa kwenye kochi. Alivuta kiti cha mezani, na kaka akasimama mbele yake mikono nyuma huku akihojiwa. Unga gani? Wa mchele. Umesagwa wapi? Nimeutwanga mwenyewe, kinu kile kipya. Mafuta je? Ya nazi. Na trei? Nimeinunua Jumanne, haijapikiwa kitu. Kila jibu lilikuwa la kweli. Kijiti akaitikia kwa kichwa kidogo kidogo, kisha akajivutia sahani. Akachota. Akapuliza.

Kaka akageuka kutafuta kitambaa cha mkono na hapo ndipo macho yake yalipoangukia bakuli langu. Unga ulikuwa na mashimo matatu ya vidole, na moja lilikuwa limenyooka, la kile kidole cha shahada kisichokunjika. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo asigeuke, angalau kijiko kimoja kipite kwanza. Akageuka, akaunyoosha mkono, akakitoa kijiko kwenye vidole vya mwanawe.

"Usile," akasema. "Trei nimeipaka unga wa ngano. Mkono umekwenda wenyewe."

"Una hakika, Baba?"

"Vidole vyangu vile pale."

Kijiti aliitazama sahani. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Hakukasirika, na hilo lilinitisha.

"Ungenyamaza ningekula," akasema.

"Najua."

Wakatazamana wale wawili, na kaka akaanza kulia, bila sauti, machozi yanashuka tu na yeye hayafuti. Kijiti akamshika kiganja. Mimi nikaona hapa pana nafasi ya kutengeneza mambo. Nikaanza maneno yangu: bahati mbaya haina mwenyewe, kuteleza si kuanguka, tushukuru hakijafika mdomoni. Nilikuwa bado naongea Kijiti aliponigeukia.

"Shangazi, unga ule ni wa nani?"

"Wangu. Wa gundi."

"Ulikuwepo wakati Baba anapaka trei?"

Ningeweza kusema sikuwepo. Kaka asingenisuta, alikuwa amenipa mgongo tangu mwanzo. Lakini mwanaume yule alikuwa ametoka kukitoa kijiko mkononi mwa mtoto aliyemsubiri miaka tisa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Nilikuwepo."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Kaka aliinua kichwa. Kijiti hakuonyesha kushangaa.

"Na nilipokuwa mdogo pia ulikuwa unaniona," akasema. "Nikitapika nyuma ya bomba, halafu unaniletea kipande kingine. Ulikuwa unaniona, Shangazi."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, ningejua pa kuanzia, mimi ni mtu wa kelele na kelele naziweza. Nilitaka kumwambia sikujua, zahanati walisema minyoo, hata baba yako alikuwepo. Yote hayo ni kweli. Lakini siku hiyo nilijua, na ya siku hiyo yalikuwa yameyafuta ya zamani yote yaliyokuwa yananitetea.

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachukua chupa yake. Mlangoni akamwambia baba yake aende kwake Jumamosi wakapike huko, jikoni kwake ngano haijawahi kuingia. Asibebe chombo, asibebe kisu, matunda tu, na nguo za kubadilisha atampa yeye.

"Na uje peke yako, Baba," akasema.

Kaka hakunigombeza. Aliniletea trei nzima upande wangu wa ukuta, akasema ule wewe, mimi siwezi. Nilionja kijiko kimoja. Kilikuwa kitamu, chenga zinavunjika, embe limelainika hasa, nikaketi juu ya magunia yake ya ngano yaliyojaa chumbani kwangu nikalia kama mtoto. Kilichobaki nilikimwaga.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Kila Jumamosi kaka anapita mlangoni kwangu na kapu la matunda, kandambili miguuni, amenyoa ndevu. Namsimamisha, namwambia mfikishie mwanangu salamu zangu. Anaitikia, anaondoka. Jioni akirudi ananisimulia: leo tumetia mapapai, leo sukari ilizidi, leo kala sahani mbili na kabeba nyingine ya kazini. Habari za salamu zangu hazigusi. Na mimi simuulizi, kwa sababu kaka yangu hajui kudanganya.