Mama Pua na Moshi wa Kiangazi

Majirani walimwita Mama Pua, na jina hilo hakulichukia. Kila asubuhi, kabla ya kutia mguu nje, alisimama kizingitini akainua uso na kunusa hewa kama paka aliyehamishiwa nyumba ngeni. Alikuwa dobi. Shuka za nyumba ya wageni zikianikwa siku ya moshi, jioni huanuliwa zina rangi ya jivu, na kazi huanza upya.

Mji wao ulikuwa bondeni, pale mto unapogawanyika vijito kabla ya kufika baharini. Mvua zikija, maji huingia ndani bila hodi na kuta zikaota ukungu. Kiangazi, upepo ukifa, wakulima huchoma mabua ya mpunga, matanuri ya matofali huwashwa ukingoni, na moshi wote, kwa kukosa pa kwenda, hulala juu ya mapaa. Basi mama huyu hakuwa na msimu wa kutulia. Akifunga madirisha, unyevu, akifungua, moshi. Mkono wake ulishinda kwenye komeo.

Kilichomweka roho juu hasa ni mama mkwe wake, mgonjwa wa pumu. Na tanuri la kwanza kuwashwa kila mwaka lilikuwa la mumewe, mchoma matofali.

"Baba watoto, hamishia tanuri ng'ambo ya mto."

"Udongo mzuri uko huku."

"Na mama yako yuko wapi?"

Mume akajifanya anafunga kamba za viatu. Bibi mwenyewe akamkingia kifua: "Mwache, mwanangu. Moshi huu ndio uliokulipia mahari."

Kiangazi kimoja upepo uligoma kabisa. Adhuhuri, dobi akiwa anapiga pasi, akasikia kikombe kikivunjika chumbani kwa mkwe. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imepauka. Dawa ya kuvuta haikufua dafu. Akambeba, akamlaza kwenye mkokoteni wa nguo, juu ya shuka safi, akasukuma kuelekea zahanati.

Njia ilipita kando ya matanuri. Hapo gurudumu likazama mchangani. Dobi akasukuma, akavuta, akapiga kelele.

Mumewe alikuwa mdomoni mwa tanuri akichochea kuni. Moto wa matofali haulali wala hauachwi; ukishuka kabla ya wakati, kazi yote imeharibika. Aliinua macho, akaona ni nani yuko juu ya shuka. Akatupa kuni, akakimbia.

"We, na moto je?" mwenzake akamwita.

"Moto ujitunze wenyewe!"

Walifika wakihema kuliko mgonjwa. Muuguzi alimvisha bibi barakoa ya oksijeni, kisha akamgeukia mchoma matofali aliyekuwa ameshika mkono wa mamaye.

"Baba, samahani, toka nje. Nguo zako zina moshi mno. Unamzidishia."

Dobi alikuwa akizunguka ukumbini, hakai hasimami, hadi muuguzi alipomwambia kwamba pumzi zimeanza kurudi. Alipotoka kumpa mumewe habari, alimkuta kwenye benchi amebaki na fulana, shati limetupwa mbali. Alikuwa akinusa kiganja chake.

"Haitoki hii," alisema. "Nimenawa mara ngapi, haitoki."

Mkewe alikuwa na maneno mengi aliyoyahifadhi tangu zamani. Akayameza, akaketi kando yake.

Matofali yalitoka nusu mabichi, hakuna aliyeyataka. Mwaka uliofuata mume alijenga tanuri ng'ambo, akisafirisha udongo kwa mtumbwi na kunung'unika safari nzima. Wenzake walimcheka, wakaendelea kuchoma palepale. Moshi ulipungua, haukuisha, kwa hiyo bibi alipelekwa kwa bintiye huko vilimani mpaka kiangazi kipite.

Alirudi na mvua ya kwanza, amenenepa kidogo.

"Hewa ya kule ni safi mpaka inachosha," alisema akivua viatu. "Hakuna hata cha kulalamikia."

Dobi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachungulia mtaroni, akamwita mumewe waanze kupandisha magodoro darini, maana mto ulikuwa umeshaanza kujaa.