Pango la Noeli la Mektrida

Mwaka 1993 panya na unyevu vilikuwa vimezimaliza sanamu za pango la Noeli katika parokia moja ya Kibosho. Kondoo hawana miguu, mchungaji mmoja hana kichwa. Siku padri alipompelekea komunyo nyumbani mama mkwe mgonjwa wa Mektrida, aliona dirishani ng'ombe wa udongo amelala, anacheua.

"Nani kamfinyanga huyu?"

"Mimi, Padri," alijibu Mektrida.

"Pango zima utaliweza?"

"Nitaliweza."

Hakuomba muda wa kufikiri. Tangu utotoni alifinyanga alivyoviona kihambani, kwenye shamba la nyumbani: kuku, vinyonga, mikungu ya ndizi. Watu waliuita mchezo wa asiye na kazi, ingawa alikuwa na ng'ombe wawili, kahawa na watoto watano, wa kwanza Gladness.

Alichimba udongo kando ya mfereji. Kila siku alikata kwanza majani ya ng'ombe, ndipo akafinyanga. Sanamu mbili zilipasuka motoni, akatengeneza nyingine.

Siku ya kupanga pango, katekista Sirili alikunja uso. Mtoto Yesu amelazwa juu ya majani makavu ya migomba, na wanaokuja kumwona ni wanawake watatu waliojitwika matita ya majani.

"Mama Gladness, wachungaji wako wapi?"

"Katekista, nani anachunga hapa Kibosho? Ng'ombe wetu wako ndani, wanaletewa."

"Biblia inasema wachungaji."

"Waliokuwa wakitunza mifugo yao. Na hawa wanafanya nini?"

Sirili akamwita padri. Padri alilizunguka pango, akacheka. "Ongeza mchungaji mmoja, Sirili apate usingizi."

Mektrida akamfinyanga mmoja mwenye shuka, kama wale wafugaji wa tambarare, amesimama mlangoni akishangaa ng'ombe kuletewa chakula.

Noeli ilipofika, waliorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam walisongamana pale. Yuditha, jirani ya Mektrida, alipoona ng'ombe mwenye pembe iliyopinda, alipaza sauti: "Jamani, si ng'ombe wangu huyu!" Kanisa zima likacheka, Sirili naye.

Miaka sita baadaye parokia nne zilikuwa na mapango ya Mektrida, naye alikuwa na kibanda chake cha kufinyangia, katikati ya migomba. Mgeni mmoja alimwuliza kwa nini malaika humfinyanga mwisho.

"Ng'ombe namjua," alisema, mikono ikiendelea na kazi. "Malaika sijamwona bado. Huyo namsubirisha mpaka vidole vichangamke."