Jina la Majaribio

Muireann O'Beirne alikuwa mtu asiyependa kurudia jambo. Ndivyo walivyo watengeneza tovuti: watahangaika wiki nzima kutafuta njia ya kuokoa dakika mbili, kisha watajisifu ofisini kana kwamba wameshinda uchaguzi. Alianza kazi na PHP, lugha ya kompyuta ambayo kila mtu huitukana na wengi wanakula mkate wake. Akahamia Ruby, akaipenda kweli, mpaka kampuni aliyokuwa nayo ikafunga milango. Halafu ikaja JavaScript, ambayo hukubali lolote utakaloandika na kukuumbua baadaye mbele ya wateja. Kila lugha ilimwachia woga wake, na ilipofika zamu ya hii ya mwisho alikuwa hawezi kubonyeza kitufe bila kushika pumzi.

Vifaa vya kuongeza kasi alivijaribu vyote. Saa ya kumwamuru apumzike aliizima kwa hasira. Ubao wa kadi za kazi ulimpa kazi ya kupanga kadi. Kilichomfaa ni njia za mkato alizojitungia mwenyewe: anaandika herufi mbili, kompyuta inafanya mambo kumi, yeye anakwenda kuchemsha chai.

Tovuti aliyokuwa akiitunza, hapo mjini Sligo, ilikuwa ya matangazo ya vifo. Watu wa kule huyasoma asubuhi kabla hata hawajachungulia mvua dirishani, maana kukosa mazishi ya jirani ni aibu isiyofutika. Mwenye duka la mazishi hujaza fomu, tangazo linatoka, na barua pepe zinaruka papo hapo kwa wote waliojiandikisha katika parokia ile.

Sasa, tovuti kama hiyo huwezi kuijaribu bila marehemu wa uongo. Muireann alimchagua baba yake, Lorcán O'Beirne, mjane aliyeishi peke yake shambani Kilcorran, na sababu yake ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Jina lile lina kistari juu ya herufi a, na lina ritifaa, ile ile ya ng'ombe, baada ya O. Hivyo viwili ndivyo huangusha fomu nyingi duniani. Likipita jina la mzee, hakuna litakalokwama. Basi alitunga njia ya mkato ya herufi mbili, na kila siku, kwenye nakala ya mazoezi ambayo hakuna mtu wa nje aliyeiona, mzee alikuwa akifa: "Ghafla, nyumbani kwake Kilcorran. Waombolezaji wanakaribishwa nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni."

"Umeshamzika mzee leo?" Fergus, jirani yake wa meza, alikuwa akimuuliza.

"Nimemzika, bwana, na katulia tuli."

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana alipiga simu mwenye duka la mazishi, analalamika picha ya bibi mmoja imetokea kichwa chini. Muireann akafungua kwenye kompyuta dirisha jeusi la kuingilia tovuti yenyewe, ile inayosomwa na watu, akaigeuza picha, akaendelea na shughuli zake. Dirisha hakulifunga. Lilikaa pale pembeni ya dirisha la mazoezi, jeusi kwa jeusi. Baadaye akabadilisha kitu kidogo, akataka kukijaribu, akaandika herufi zake mbili.

Alijua kabla kidole hakijainuka. Alilifuta tangazo kufumba na kufumbua, lakini barua pepe haziitwi zikarudi. Parokia nzima ya Kilcorran ilikuwa imeambiwa.

"Fergus," alisema. "Nimemuua baba."

Fergus alisogea, akatazama. "Pumua, dada. Mpigie wewe kabla hajasikia kwa watu. Mzee mwenyewe atacheka mpaka meno yamtoke."

Simu iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Fergus ndiye aliyemtafutia funguo za gari.

Njiani simu yake haikunyamaza. Alikuwa Mama Attracta, jirani wa baba yake, analia kwa kwikwi. "Muireann, mwanangu, pole, pole jamani! Nimeshakata mikate ya waombolezaji, nakwenda kuwafungulia nyumba."

"Hajafa, Mama Attracta! Ni kosa, ni kompyuta!"

"Hajafa? Mbona hapokei simu, basi?"

Swali hilo ndilo lililomtia hofu ya kweli. Mpaka hapo alikuwa akiogopa aibu, akiogopa kufukuzwa kazi. Sasa alimwona mzee wa miaka sabini na tisa akisoma kifo chake mwenyewe, moyo ukimgoma, akianguka sakafuni jikoni. Ghafla, nyumbani kwake. Maneno ni yake mwenyewe, na alikuwa ameyaandika huku akitafuna biskuti. Alikanyaga mafuta, akawa anasema kwa sauti, "Usife, Baba, usife, tafadhali," kama mtoto.

Uani kulikuwa na magari mengi. Wanaume walisimama wameshika kofia mikononi, na Mama Attracta alikuwa mlangoni na sinia lake la mikate.

"Yu hai!" alipaza sauti. "Nimemwona dirishani. Lakini hataki kufungua, hataki kusema na mtu."

Muireann akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni. Baba yake alikuwa ameketi mezani amevaa koti lake la kanisani, simu iko mbele yake na ile barua pepe imefunguliwa, uso mweupe.

"Baba, nisamehe. Ni mimi. Natumia jina lako kwa majaribio, nikakosea dirisha, nikaandika..."

Mzee aliinua mkono kumnyamazisha. Hakuonekana kusikia hata neno moja.

"Daktari aliniambia ningoje Jumatatu," alisema. "Alisema majibu ya vipimo yatatoka Jumatatu, na hatamwambia mtu kabla yangu. Wewe sikukuambia, nilitaka nijue kwanza. Sasa angalia, watu wamejaa uani."

"Vipimo gani, Baba?"

Lorcán alimtazama binti yake, akamshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma.

"Usinifiche, mama," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika. Wamekuambia nimebakiza muda gani?"