Laini ya Mama: Kutoka Kanga hadi Kilindoni

Nilitoka kijijini kwetu Kanga kwenda mjini Kilindoni kwa ajili ya namba ya siri. Mdogo wangu Mwanahawa alikuwa amechaguliwa kusomea uuguzi bara, na ili nafasi isipewe mwingine, ilimpasa athibitishe mtandaoni kwa namba ambayo chuo kingemtumia kwenye simu. Namba ya simu aliyoandika ni ya marehemu mama. Tangu mama afariki, nami niache shule kuwalea wadogo zangu, jamaa wote, hata Mjomba, wanatupata kwa laini hiyo.

Kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye mwinuko nyuma ya minazi. Kila nyumba hutundika simu yake huko ndani ya kikapu cha ukili, na jioni watu huenda kuchukua ujumbe wao. Kikapu cha mwenzio hakiguswi, simu ilie isilie. Mnara mpya umesimama pembeni, haujawashwa. Simu ya mama ilikaa kikapuni siku nyingi bila kupata kitu, nasi hatukushtuka. Aliyezoea kukosa mtandao atajuaje kwamba kukosa kwa safari hii ni kwingine?

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kuthibitisha, namba ilikuwa haijaja. Mdogo wetu wa mwisho, Saidi, alikuwa na homa.

"Nenda wewe Kilindoni kwenye mtandao, dada," Mwanahawa akasema. "Mimi nitabaki naye. Ukiipata tu, wathibitishie."

Njiani, Baleni, tulisimama ili dereva wa pikipiki niliyopanda, Issa, anunue mihogo. Simu yake ikaanza kulia mfululizo. Ya mama, niliyoishika, kimya.

"Dada, hiyo simu au kipande cha sabuni?" akanitania. "Ya kwangu mtandao unamwagika!"

Nilicheka naye, kisha nikaizima simu na kuiwasha tena.

Kilindoni niliingia duka la laini. Kijana wa kaunta, mtu wa bara, aliitazama simu kisha kompyuta yake.

"Laini imefungwa, dada. Haikuhakikiwa kwa alama ya kidole. Mwenyewe aje aweke kidole."

"Mwenyewe yuko makaburini Kanga."

"Pole sana. Lakini ilitangazwa. Redio ya taifa walisema kila siku."

"Kanga haishiki hiyo. Sisi tunasikia redio ya Unguja: bei ya karafuu na vifo vya watu tusiowajua."

"Hata mtandaoni waliweka."

Katazo la nyavu kutoka hifadhi ya bahari hutufikia kwa gari lenye kipaza sauti, mpaka watoto wanalikariri. Hili la laini halikuletwa na gari.

Kijana hakuwa mbaya. Alitumia simu yake mwenyewe kukipigia chuo. Mama mmoja akapokea.

"Shikamoo," nikasema, nikamweleza yaliyotupata.

"Marahaba. Namba ya simu inaweza kubadilishwa, lakini mwanafunzi mwenyewe ajibu maswali ya utambulisho. Nipeni namba ya simu ya hapo alipo nimpigie. Saa kumi mfumo unajifunga."

Nilitoa namba ya jirani yetu, Bi Zuhura. Tukaijaribu kwanza sisi. Iliita. Iliita mpaka ikakatika, tukapiga tena, ikaita vilevile. Nilijua iko wapi, na nilijua watu wanapita chini yake na mizigo ya nazi, wakiheshimu kikapu cha mwenzao. Issa, aliyekuwa akinisubiri nje, akawasha pikipiki tumfuate Mwanahawa, lakini kabla hatujafika Baleni saa kumi ilikuwa imepita.

Jua likishuka tuliingia Kanga. Mwanahawa alinisoma usoni kabla sijashuka. Nilimweleza yote pale mlangoni, sikumficha kitu.

"Bi Zuhura alisikia simu ikilia akiwa shambani," akasema polepole. "Amesema ataiona jioni."

Safari hiyo imenifunza kwamba serikali kutangaza jambo ni kitu kimoja, na jambo hilo kutufikia ni kitu kingine, na anayelipia hiyo tofauti ni sisi. Nilimwambia Mwanahawa ataomba tena mwakani, kwa laini yenye alama ya kidole chake mwenyewe. Alikubali. Kisha akauliza ile namba ya mama itakwenda wapi, nikamwambia alivyosema kijana wa kaunta: ikikaa muda, hupewa mtu mwingine.

"Basi Mjomba akipiga," akasema, "atapokea nani?"