Uzi wa Kofia Chini ya Giaboksi

Mahfoudh, fundi umeme wa magari wa Mpendae, humalizia kila kiungo cha waya kwa uzi wa kushonea kofia, kwa sababu tepu peke yake huachia kwa joto. Alimfundisha mtu mmoja tu, rafiki yake Borafya, fundi wa giaboksi.

Juzi Bi Salhiya wa Chukwani alileta gari lake la otomatiki, lililoganda kwenye gia ya tatu.

"Borafya kanambia giaboksi imekufa, ninunue nyengine," alisema. "Kasema umeme ushaupima wewe, hauna kasoro."

Mahfoudh hakuwahi kuliona gari lile. Aliingia uvunguni akapima waya mmoja mmoja, hadi akaupata usiopitisha umeme. Ulikuwa umefungwa uzi wa kofia. Alipobandua tepu, aliona umekatwa kwa kisu na ncha zake hazigusani.

Alimwonesha Bi Salhiya waya ule uliokatwa pamoja na uzi wake, kisha akauunga, gia zikapanda zote.

"Nani kaukata?" aliuliza Bi Salhiya.

Jina la Borafya lilimfika mdomoni, akaona haya kulitaja. "Panya, Bi."

"Panya anajua kufunga uzi?" Bi Salhiya alichukua ufunguo wake. "Kumbe wewe na Borafya lenu moja."