Mtungi Mdogo wa Busaa Yenye Iliki

Nakumbuka siku moja watu wa mume wangu, wenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware, walipotuma habari kwamba wanakuja kwetu Kisumu Ndogo kuniposa. Sisi tulikuwa wapangaji. Baba alitaka tununue bia za chupa ili asiaibike. Mama alikataa, akasema wageni wake watakunywa kilichotoka mikononi mwake.

Mwanangu, mama alikuwa fundi wa busaa, pombe yetu ya nafaka. Alikaanga unga uliochacha juu ya bati mpaka ukawa wa rangi ya kahawa, akauchanganya na maji na kimea cha wimbi, na pombe ikatoka nyeusi, nzito, inanukia mkate wa kuchomwa. Kwake hiyo ilitosha. Mimi nilikuwa na wazo langu. Nilimwomba mtungi mdogo, nikatia tangawizi ya kuponda, iliki kidogo na ganda la chungwa. Nilikuwa nimeshachota karafuu kiganja kizima mama aliponishika mkono.

"Mtu akinywa asisikie wimbi, umempikia nini?"

Nikazirudisha. Pombe ilipoiva akaonja, akaniambia hiyo ni yangu, nisiseme ni yake. Nilidhani ameikataa, na roho iliniuma sana.

Wageni walipofika, baba mkwe alipewa busaa ya mama, akainywa kwa adabu. Halafu mama mwenyewe akampelekea yangu. Mzee akanusa, akaonja, akaonja tena, akauliza ni nani aliyeipika. Baba akatazama chini, akidhani tumeaibika.

"Ni huyu binti yangu," mama akasema. "Mimi hiyo siiwezi."

Kisumu Ndogo nzima ilimjua kwa busaa, naye akasema hivyo mbele ya wageni. Mzee akanyoosha kikombe aongezewe. Baba akainua kichwa, akaanza kucheka. Leo mimi ni nyanya hapa Kawangware, karibu na kituo cha matatu za namba 46, na bado nikisimulia hayo natembea kifua mbele.

Basi wewe unayetaka kutia kila kiungo cha dukani, ijue nafaka yako kwanza. Tia kidogo, onja, ngoja kesho uonje tena, maana karafuu ikishaingia haitoki. Pombe ikikubali, sema wazi ni kazi yako. Na siku binti yako atakapokushinda, msifu watu wakisikia.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na wageni wako waombe kuongezewa.